Mita Tatu Kamili

Mto wenyewe haukuwa na makuu, nalisema hili mapema ili mtu asije akanidai baadaye. Miezi minane kwa mwaka ungeuvuka kwa kuruka mawe, ukafika ng'ambo na viatu vyako vikavu. Ndiyo maana siku serikali ilipokuja kufunga kipimo chini ya daraja la kamba, watu walishuka kutoka mlimani kuja kucheka. Chuma cheupe cha mita tatu, chenye mistari myeusi ya sentimita kuanzia chini hadi juu, kimekazwa kwa nati kwenye mwamba. Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama mto unashonewa suruali.

Kipimo kikahitaji msomaji, na msomaji akapatikana mlimani. Alikuwa mke mpya wa fundi mwashi, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, na sifa zake zilikuwa mbili tu: nyumba yao ndiyo ya kwanza ukimaliza kupanda njia ya mtoni, na namba zake zilisomeka. Haikupita wiki wakaanza kumwita Bi Kipimo. Jina lake la kuzaliwa sasa analijua yeye na watu wa kwao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi anashuka, anachuchumaa kwenye jiwe bapa, anatazama mstari gani maji yameugusa, anaandika kwenye fomu. Saa kumi na mbili jioni anashuka tena, anachuchumaa, anatazama, anaandika. Mwisho wa mwezi fomu inakwenda ofisi ya maji wilayani. Na kwa kuwa hakuna mwanamke wa mlima ule aliyepandisha mikono mitupu kutoka mtoni tangu dunia iumbwe, kila akirudi alikuwa na ndoo ya lita ishirini kichwani. Magoti yake yaliharibika kabla hajafika miaka arobaini.

Nyumbani maji hayo yalikuwa na mgawanyo wake. Ndoo ya asubuhi ni ya kupika, kunywa na kuku. Ndoo ya jioni ni ya vyombo, na nusu yake iliyobaki ni ya kumwogeshea mama mkwe, ambaye nyonga zilimsaliti akawa mtu wa kitanda na kiti. Kitanda chake kilikuwa chumba cha ndani, chini ya dirisha linalotazama bondeni. Ulimi wake, shukuru Mungu, haukuugua hata siku moja.

"Mke wa mwanangu," angesema akiwa ameketi kwenye beseni, "haya maji umeyapima kabla ya kunimwagia, au leo nayapata bila hesabu?"

"Vikombe kumi na viwili, mama. Kama jana."

"Jana vilikuwa kumi na vitatu."

"Jana ulikuwa na sabuni masikioni."

Hivyo ndivyo walivyoishi, miaka ishirini na sita, chini ya paa moja. Wapo wanaoapa kwamba mkwe na mkwe hawaivi chungu kimoja. Hawa waliiva, ila kwa moto wa kelele. Mumewe, fundi mwashi, alikuwa mtu wa kwenda kujenga mbali na kurudi mwisho wa wiki, mpole, asiyeingilia ugomvi ambao haukumwomba ushauri.

Sasa nije kwenye kosa, maana bila kosa nisingekuwa na la kuwasimulia.

Mwaka wake wa tatu kazini, masika yalikuja na hasira. Asubuhi moja Bi Kipimo alishuka akakuta hakuna kipimo. Si kwamba kilikuwa kimevunjika. Kilikuwa mle mle, chini ya maji ya rangi ya matofali, na mto ulikuwa umepanda hadi kwenye kiwanja cha majani kando yake, pale mahali pa tambarare ambapo hadi leo hapana nyumba. Alisimama njiani juu, akatazama, akafungua fomu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Maji yamemeza kipimo. Yamefika kwenye majani, mtu angezama hadi kifuani.* Aliona ameandika kitu cha maana sana. Na kweli alikuwa ameandika.

Wiki tatu baadaye fomu ikarudi kutoka wilayani, na juu yake kuna wino mwekundu wa karani: *Namba tu. Usituandikie hadithi. Nafasi isiachwe wazi.*

Haya, wewe ungefanyaje? Mwanamke kijana, kazi ya serikali, wino mwekundu. Kipimo kinaishia mita tatu, na namba ya juu kuliko zote kwenye chuma kile ni tatu. Akafuta maneno yake, akaandika 3.00. Mto ulikuwa umefunika chuma siku nne mfululizo, na kwa siku zote nne, asubuhi na jioni, akajaza 3.00. Karani akaridhika. Miaka tisa baadaye ikatokea tena, na mara ya tatu miaka minane baada ya hapo, na mara zote mbili mkono wake uliandika mita tatu kamili bila kuambiwa. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nauliza, na huyu aliyelisikia, tumwambieje?

Alipotimiza miaka ishirini kazini wakampa hati yenye muhuri, ikaning'inizwa ukutani kwa kioo: hakuna siku hata moja iliyoachwa wazi. Mumewe aliipigilia msumari yeye mwenyewe.

Basi ukaja mradi. Maji yapandishwe mlimani kwa pampu, yaingie tangi, yashuke kwa mabomba hadi kila uani. Kijiji kilikuwa kimeahidiwa kitu hiki mara mbili, na mara mbili kikakosa. Mara ya mwisho wataalamu waliukimbia mteremko wa jirani baada ya mzee mmoja kuwasimulia kwa madaha jinsi mlima ulivyowahi kuporomoka, na mabomba yakaenda bonde jingine. Kuanzia hapo watu walijua kwamba mbele ya wataalamu mlima hauporomoki na mto haufuriki. Hakuna aliyeitisha mkutano kukubaliana hivyo. Kila mtu alijijulia tu.

Injinia aliyetumwa alikuwa binti mrefu, mwenye mabuti mapya na adabu za nyumbani. Jumanne alipanda hadi kwa Bi Kipimo kuona nakala za fomu. Akakaribishwa kiti, akasoma hati ukutani, akatabasamu kama aliyefika kwa shangazi yake.

"Mama, nimezunguka mito mingi," alisema. "Kwingine fomu zina matundu, kwingine msomaji anajaza mwezi mzima kwa siku moja akiwa kwake. Wewe hapana. Umeturahisishia kazi. Ndani ya miaka ishirini na sita, kilele cha mto huu ni mita tatu kamili."

Akakunjua mchoro juu ya meza. Nyumba ya pampu ingejengwa pale kwenye kiwanja cha majani, mita nne na nusu kutoka sufuri ya kipimo, yaani mita moja na nusu juu ya kilele hicho, kwa sababu pampu hii haiwezi kuvuta maji kutoka mbali sana na mto. Kando yake chumba kidogo.

"Na hiki?" Bi Kipimo aliuliza.

"Chumba cha mhudumu wa pampu. Mtu atalala humo."

"Mtu gani?"

"Yeyote atakayepata kazi. Hata mzee wa hapa nyumbani, kwa nini isiwe yeye?"

Bi Kipimo akasema chai imeungua, ingawa hapakuwa na chai jikoni. Binti alipoondoka, aliingia chumba cha ndani akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe.

"Mama, yale maji yalipopita kwenye majani..."

"Yapi?"

"Mama. Uliyaona kwa dirisha hili hapa. Ulinipigia kelele nisishuke."

"Macho yangu yana ukungu, mimi sioni hata kuku." Bibi akageukia ukuta. Kisha, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani: "Mimi nina miaka sabini na kitu. Nataka siku moja nikae chini ya bomba maji yanimwagikie yenyewe, mengi, mtu asinihesabie vikombe. Ni kosa hilo?"

"Si kosa, mama."

"Basi acha mdomo wako upumzike."

Akaufunga mdomo wake Jumanne, akaufunga Jumatano, na Alhamisi akaanza kuchoma maharage. Aliogopa, na tusimpambe: aliogopea hati yake kuliko alivyomwogopea mhudumu wa pampu. Angesema nini? Kwamba daftari la serikali linalosifiwa lina uongo, na uongo ni wake? Halafu magoti. Kila alipopanda na ndoo, magoti yalimwambia kaa kimya, na magoti yana haki ya kusikilizwa.

Ijumaa alasiri mkutano ukafanyika palepale kwenye kiwanja, injinia akipigilia vigingi, kijiji kizima kimeshuka. Hata mama mkwe alishuka. Alikuwa ameapa kwamba lazima aone maji yake yatakapoanzia safari, na vijana wanne wakamteremsha juu ya kiti cha plastiki, yeye akiwatukana kila wakiteleza. Wakamtua kandokando ya kiwanja, mwavuli mkononi.

Injinia akauliza, kwa desturi ya kazi tu, kama kuna mwenye la kuongeza kabla hajatia saini. Mwenyekiti akajibu hakuna. Bi Kipimo akasikia sauti yake mwenyewe ikisema lipo.

Aliyasema yote vibaya, akianzia katikati. Wino mwekundu, chuma kinaishia tatu, maji yalifika hapa mliposimama, hadi kifuani, mara tatu. Akaonyesha kifua chake.

Injinia akafungua jalada, akapekua, akaona: 3.00, 3.00, 3.00, asubuhi na jioni. Uso ukambadilika.

"Mama, hapa kuna saini yako."

"Ni yangu."

"Na leo unaniambia sivyo. Sasa nimwamini nani, wewe wa kwenye karatasi au wewe wa hapa?" Akawageukia watu. "Kuna mwingine aliyeona maji yakifika kwenye kiwanja hiki?"

Mwenyekiti akakohoa. Alikuwa na miaka sitini, na kila masika ya mafuriko alikuwa kijijini. "Injinia wetu," alisema, "huyu mama amechoka. Miaka mingi, kazi ile ile. Mto huu mimi nimezaliwa nao. Haupandi."

"Haupandi," mwanamke mmoja akaitikia.

"Hata siku moja," mwingine akasema, na huyo alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Bi Kipimo akawatazama mmoja mmoja na wakawa wanatazama majani. Hakuwa amejua kwamba mtu anaweza kuwa mpweke hivyo mchana kweupe mbele ya watu mia mbili.

"Nieleweni," injinia alisema taratibu. "Nikiandika kwamba mafuriko yanafika hapa, mchoro unarudi makao makuu. Upimaji mpya, pampu nyingine, kiwanja kingine. Miaka miwili, labda mitatu. Siwezi kuandika hivyo kwa neno la mtu mmoja anayejipinga mwenyewe."

Akachukua kalamu.

"Wewe mtoto," ikasemwa kutoka kwenye kiti cha plastiki. "Hicho kigingi chako cha pili, kiondoe. Umekipigilia mlangoni kwangu."

Mwenyekiti akasema, "Bibi, tafadhali."

"Nyamaza wewe, nimekufunga nepi." Akafunga mwavuli, akaonyesha nao. "Fukua hapo kwenye majani. Utakuta mawe ya msingi, yamechongwa, yamepangwa mstari. Vyumba viwili. Niliolewa humo."

Injinia akapiga buti kwenye majani. Udongo ukabanduka, na chini yake jiwe likaonekana, na kando yake la pili, pembe kwa pembe.

"Tulikuwa nyumba tano hapa chini," bibi aliendelea. "Hawa wanaosema mto haupandi, wazazi wao walikuwa majirani zangu. Mnadhani watu wenye akili walikwenda kuishi kule juu kwa sababu gani? Upepo? Maji yalikuja mchana, jua linawaka, mvua ilikuwa imenyesha huko milimani. Mume wangu alikuwa safarini. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitano, huyu fundi mwashi wenu. Na mama mkwe wangu alikuwa kitandani, mgonjwa, hawezi kusimama."

Akakigeuzageuza kipini cha mwavuli. Bi Kipimo, aliyekaa naye miaka ishirini na sita, hakuwahi kumwona akitafuta maneno.

"Niliwaambia watu alikuwa ameshakufa kwa homa. Hakuwa amekufa. Mikono ni miwili. Nilimchukua mtoto." Akamgeukia injinia. "Andika. Na uandike kwamba yalipita kifua. Yalifika kwenye dari."

Injinia hakutia saini. Alikaa juu ya jiwe la msingi akaandika muda mrefu, kisha akang'oa vigingi vyake kimoja kimoja, na hakuna kijana aliyejitolea kumsaidia.

Mradi ulirudi, nisiwaweke roho juu. Ulichukua miaka miwili na miezi minne, nyumba ya pampu ikajengwa juu zaidi kwenye bega la mwamba, na pampu mbili badala ya moja. Maji yalipotoka kwenye bomba la uani mama mkwe alikuwa amezikwa mwaka mzima. Na mto, kwa ukaidi wake, haujafurika tena hadi leo ninapoongea, kwa hiyo wapo wanaosema mpaka kesho kwamba wakwe wawili walikinyima kijiji maji miaka miwili kwa ajili ya hadithi.

Lakini mimi nataka jioni ile ile ya Ijumaa. Watu walipanda bila kuaga. Wale vijana wanne walikiangalia kiti, wakamwangalia mwenyekiti, wakaondoka na mikono mifukoni. Pale chini wakabaki wanawake wawili na ndoo moja.

Bi Kipimo alichuchumaa mbele ya kiti, akamvuta bibi mgongoni, akamfunga kwa shuka, akainuka kwa shida. Ndoo aliiacha. Kwenye kona ya kwanza ya njia alikuwa anahema kwa mdomo.

"Niweke hapa," mama mkwe alisema sikioni kwake. "Kaite watu."

"Watu gani? Wamenuna wote."

"Basi niweke upumzike. Nayasikia magoti yako."

"Yaache yaseme."

Wakapanda. Jua lilikuwa bado kwenye vilele vya ng'ambo. Bibi alikuwa mwepesi kwa mtu mzima, lakini ndoo haina miguu inayoning'inia.

"Ulikuwa unajua, mama," Bi Kipimo alisema hatimaye. "Ukaniacha niseme peke yangu, mbele ya wote wale."

"Nilitaka bomba."

"Na mimi nilitaka bomba."

"Najua." Kisha bibi akasema, kwa sauti ndogo, ya msichana karibu: "Hakuniita, unajua? Nilisimama pale juu na mtoto nikingoja aniite nirudi. Nilijiambia akiniita nitarudi. Hakuniita. Alisema tu, nilipokuwa mlangoni, 'Mshike vizuri huyo mtoto.'"

Bi Kipimo alilia, nami sioni aibu kulitaja. Hakuwa na mkono wa kujifuta. Akamsukuma bibi juu kidogo mgongoni, akaikaza mikono yote miwili chini ya mapaja yale makavu, akaendelea kupanda.